Baridi Miguuni, Uongo Mdomoni

Mtabibu wa tatu aliponiuliza kama navuta sigara, mguu wangu wa kushoto ulikuwa umeshapoteza vidole viwili, na bado nilimjibu kuwa sivuti. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na maumivu mtanionea huruma mapema, na huruma hiyo wakati ule sikuistahili.

Naitwa Elia. Naishi Mungaa, wilaya ya Ikungi, na kazi yangu ni kuendesha mashine ya kukamua alizeti. Nina mke, Raheli, na watoto wawili: Furaha, aliye darasa la sita, na Danieli, ambaye mambo haya yalipoanza alikuwa bado ananyonya. Kanisani kwetu nilikuwa mzee wa kanisa na mwalimu wa kwaya. Nasema nilikuwa. Naandika haya kwa ridhaa ya mke wangu, ambaye amesoma kila ukurasa, na mahali pawili amenirudisha niandike upya kwa kuwa nilikuwa nimejipendelea.

Baridi ilianzia mikononi. Ulikuwa mwezi wa saba, wakati ule ambapo upepo wa kwetu unavuma mchana kutwa na vumbi linaingia hata kwenye sufuria iliyofunikwa. Ibada ikiisha sisi hutoka nje na kupanga mstari, kila anayetoka anawashika mikono waliomtangulia. Jumapili moja mke wa mchungaji alinishika mkono akauachia upesi.

"Mzee Elia, mbona mkono kama umetoka mtungini?"

Watu wakacheka, nami nikacheka. Nilipofika nyumbani niliutazama. Vidole vitatu vilikuwa vyeupe, weupe wa mshumaa. Baadaye vikawa na rangi ya zambarau iliyoiva nusu, na damu ilipovirudia viliwasha kama nimevichomeka kwenye upupu. Nikasema ni kipupwe. Kila mtu alisema ni kipupwe.

Miguu ikafuata. Raheli ndiye aliyeijua kabla yangu, kwa kuwa yeye ndiye aliyelala nayo. Nikimgusa alishtuka, kisha akaivuta mwenyewe na kuibana katikati ya miguu yake mpaka ipate joto. Asubuhi alichemsha maji, akayatia chumvi, nikaloweka. Alinisugua kwa mafuta ya alizeti aliyoyachanganya na tangawizi, kutoka kisigino kwenda juu. Alinifumia soksi za sufu, nyekundu, kwa sababu nyuzi zilizokuwa zimebaki kwenye kikapu chake zilikuwa nyekundu. Sijawahi kuona mtu akihangaikia miguu ya mwenzake namna ile. Na kila alipoinama miguuni kwangu, mimi nilikuwa nimebana pumzi asije akanusa mdomo wangu.

Sigara nilijifunza Mitundu. Nilikwenda huko nikiwa kijana, kufanya vibarua kwenye mashamba ya tumbaku, na wote tuliokuwa tukichambua majani tulikuwa tunavuta. Nilipomchumbia Raheli, baba yake, Mzee Zakaria, mwinjilisti wa kule Misigiri, Iramba, aliniuliza jambo moja tu. Hakuuliza nina ng'ombe wangapi wala shamba lenye ukubwa gani.

"Kijana, unavuta?"

"Nilikuwa navuta, Baba. Nimeacha."

Siku ile ilikuwa kweli. Iliendelea kuwa kweli mwaka mmoja na miezi kadhaa. Kisha msimu mmoja mashine ikaharibika katikati ya mavuno, wakulima wamejaa na magunia yao, na fundi aliyekuja kuitengeneza akaninyooshea sigara moja. Nikaipokea. Kwa miaka kumi baada ya hapo sikuacha tena.

Kuificha hakukuwa kazi. Mashine ya dizeli ina moshi wake, na nguo zangu zilinuka moshi na mashudu, yale masalia ya alizeti iliyokamuliwa, tangu Jumatatu hadi Jumamosi. Raheli aliyezifua aliamini kuwa moshi ni moshi. Nilivutia nyuma ya magunia ya mashudu. Kabla ya kurudi nyumbani nilitafuna karafuu. Jumapili nilisimama mbele ya kwaya na kuwaambia sauti ya tatu wavute pumzi kutoka tumboni.

Mwezi wa nane sikuweza kutembea kutoka nyumbani hadi kwenye mashine bila kusimama. Kigimbi cha mguu wa kushoto kilikuwa kinabanwa kama kimeshikwa na koleo. Nikisimama kidogo, kinaachia. Sikutaka watu wajue, basi nikawa nasimama mbele ya kila nyumba kusalimia. Niliuliza habari za mbuzi, habari za wajukuu, habari za mgonjwa ambaye alishapona zamani. Watu wakaanza kusema Mzee Elia siku hizi amekuwa mtu wa watu.

Asubuhi moja ya mwezi huohuo nilikaa jikoni naota moto. Furaha alikuwa anakunywa chai kabla ya kwenda shule. Akainua kichwa.

"Baba, kuna kitu kinaungua."

Nikamwambia aangalie maharage. Hakuangalia maharage, alikuwa anautazama mguu wangu. Kidole kidogo kilikuwa kimegusa jiko la mkaa na soksi ilikuwa inatoa moshi. Mimi sikuwa nasikia kitu.

Kidonda kile hakikupona. Zahanati walikisafisha na kukifunga, siku moja ndiyo, siku moja hapana, mwezi mzima. Nesi alikuwa mama mpole ambaye aliyapasha maji moto kidogo kabla ya kunisafisha, ingawa hakuna aliyemwagiza. Siku moja akiwa anafungua bandeji aliuliza, "Baba, unatumia sigara au ugoro?"

Raheli alikuwa amekaa pembeni na Danieli mgongoni. Akajibu kabla yangu. "Huyu ni mzee wa kanisa, dada."

Nikatikisa kichwa kumuunga mkono. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza, na sikufungua hata mdomo.

Mwezi wa kumi na moja tulipelekwa hospitali ya mjini Singida. Joto lilikuwa kali, mvua bado haijanyesha. Kwenye mabenchi watu walikuwa wanajipepea kwa kadi zao za kliniki, na mimi nimekaa katikati yao nimevaa soksi za sufu nyekundu. Mama mmoja alimwambia mtoto wake asinitazame. Tulikaa kwenye mabenchi yale siku nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu: benchi la kadi, benchi la maabara, benchi la majibu, na ukishasogea hadi mbele unaambiwa daktari ameitwa chumba cha upasuaji.

Kwa kuwa nilikuwa nimesema sivuti, walitafuta kila mahali pengine. Walipima sukari. Walipima ukoma, wakinichoma na sindano ndogo kwenye nyayo na kuniuliza kama nasikia. Walipima VVU, na wakasema ni vizuri mke naye apime. Tulisubiri majibu nje, chini ya bati la kibaraza, Raheli akimnyonyesha Danieli. Alikuwa hajawahi kulala na mwanamume mwingine, na mimi nilijua hivyo. Hakuniuliza swali hata moja. Alisema tu, "Kama ni hilo, Baba Furaha, tutameza dawa pamoja."

Majibu yakatoka, hatukuwa nalo. Lakini nilikuwa nimemwacha mke wangu akae saa nzima na mtoto kifuani, akijiandaa kwa ugonjwa ambao haukuwapo, wakati karafuu ziko mfukoni mwangu. Ningeweza kusema pale. Tulikuwa wawili tu.

Daktari aliponiita ndani aliuliza tena. "Sigara?"

"Hapana."

"Hata zamani?"

"Hapana, hata zamani."

Raheli aligeuka kidogo kunitazama, kwa kuwa habari za Mitundu alikuwa anazijua. Kisha akainamisha macho. Alidhani naona aibu ya ujana wangu, akanisitiri. Daktari akaandika kwenye faili kuwa mgonjwa havuti, akanipa dawa na kunitaka nirudi.

Mvua zilianza kabla ya Krismasi. Raheli alipanda alizeti karibu peke yake. Kidole kidogo na cha pembeni yake vilikuwa vimekuwa vyeusi, vikavu kama maganda ya karanga, na maumivu sasa yalikuwa hayaniachi hata nikiwa nimekaa. Niliweza kupumzika tu nikiwa nimeuning'iniza mguu kando ya kitanda. Kwa maumivu yale nilivuta zaidi. Watu hawaelewi jambo hili na mimi nalielewa kwa shida: ninachokula kinaniua, na dawa pekee ninayoijua ni kula tena.

Dada yangu Tabitha ndiye aliyeleta neno. Tabitha ndiye aliyenilea baada ya mama kufa. Alinibeba mgongoni akiwa yeye mwenyewe bado mtoto. Alianza kuja kila siku, akiutazama mguu, akimtazama Raheli. Kisha akasema mbele ya majirani kwa Kinyaturu, akijua Raheli, Mnyiramba, bado anashindwa kuifuata lugha yetu ikisemwa haraka, kwamba zamani mdogo wake alikuwa anasafiri na mafuta hadi Dodoma, anakaa wiki, na sasa hatoki nyumbani. Kwamba mwanamke amemfunga miguu mumewe asitangetange.

Jambo likishasemwa hivyo kwetu haliwezi kuachwa chini. Baba mdogo, Mzee Yona, akaitisha kikao cha ukoo mwezi wa kwanza, siku ambayo kila mtu alipaswa kuwa shambani anapalilia. Walikaa sebuleni kwangu, makoti yamelowa mvua. Raheli aliwapa chai wote. Alipomaliza kugawa vikombe, Baba mdogo akamwambia akae.

"Mama Furaha," alisema, kwa upole kabisa, "sisi hatuna ugomvi na wewe. Wanawake wana mambo yao ya kutunza ndoa. Kama kuna kitu ulifanya, sema tu, tufungue, mtu apone."

Tabitha alikuwa analia. Raheli hakulia. Alinyoosha mgongo akasema, "Mimi sina kitu. Muulizeni mume wangu. Yeye ananijua."

Wote wakanigeukia.

Nilikuwa na pakiti ndani ya koti. Nilikuwa naisikia ikinigusa ubavuni kila nilipopumua. Nilijua kabisa, si kwa udaktari, kwa kule kuulizwa na watu wawili wenye makoti meupe swali lilelile, kwamba mguu wangu ulikuwa unalipa kwa sigara. Na nilijua nikisema, Mzee Zakaria atasikia, na kanisa litasikia, na kwaya itasikia.

Nikasema, "Mimi sijui."

Maneno hayo mawili ndiyo ugonjwa wangu halisi. Vidole vilikatwa, yenyewe hayakatiki.

Raheli aliondoka kesho yake asubuhi na Danieli mgongoni, kwenda kwao Misigiri. Furaha alibaki kwa sababu ya shule. Na hapa ndipo mahali pa kwanza Raheli aliponirudisha. Nilikuwa nimeandika kwamba Furaha alibaki akiwa na huzuni. Raheli akaweka kidole kwenye mstari akasema, "Andika alichokuuliza." Basi naandika. Watoto wenzake walikuwa wamemwambia shuleni kwamba mama yake ni mchawi. Alikuja akasimama mlangoni pa chumba, na sare yake ya shule, akaniuliza, "Baba, ni kweli mama alikufunga?"

Nikamwambia, "Sijui, mwanangu."

Tangu siku ile alikuwa akiniletea chakula, anakiweka, anaondoka.

Tabitha alinipeleka kwa mtaalamu wake wa kienyeji, akanichanja chale vigimbi vyote viwili na kupaka dawa nyeusi. Kila chale ikawa kidonda kipya. Mwezi wa pili nilirudi hospitali ya Singida nikiwa nimebebwa, na vidole viwili vikakatwa. Mwezi wa tatu nikapewa rufaa kwenda Dodoma.

Daktari wa Dodoma alikuwa dada mdogo kwa umri, mikono yake ya joto, anazungumza polepole. Alipaka jeli juu ya unyayo wangu na kuweka kidude kama kalamu nene, na mashine ndogo aliyoishika ikatoa sauti. Mguu wa kulia: shwa, shwa, shwa, hafifu lakini upo. Akahamia wa kushoto. Mimi nimeishi na mashine, nazijua kwa masikio. Najua mkanda uliolegea kabla haujakatika. Alisogeza kidude kile juu, chini, pembeni. Kimya. Alinitazama usoni.

"Unavuta sigara, baba?"

Raheli hakuwapo. Mchungaji hakuwapo. Sikuwa na mtu wa kumficha. "Hapana," nikasema. Uongo ulikuwa umeshaizoea njia, unapita wenyewe.

Akanieleza kuwa mishipa imeziba, na kwamba kama mambo yataendelea hivi watakata chini ya goti. Alipoondoka nilijikokota hadi chooni na gongo langu, nikavuta.

Kwenye kitanda cha jirani alilala dereva wa lori, Shabani, kijana kuliko mimi, mguu wake mmoja umeishia kwenye goti. Niliporudi alikuwa ananisubiri.

"Mwalimu wa kwaya, unaficha wapi?"

"Naficha nini?"

"Usinichezee. Ukitoka chooni unanuka karafuu. Nani anakula karafuu chooni?" Akaishusha sauti. Akanyoosha mkono pale ambapo mguu wake ungekuwa, akashika hewa mahali pa vidole. "Mimi niliwadanganya hapa." Akausogeza mkono. "Nikawadanganya tena hapa, kwenye kifundo. Nilipokuja kusema kweli walikuwa wameshafika hapa." Akaupiga kwa kiganja mwisho wa paja, juu kidogo ya bandeji. "Wewe bado una kifundo. Usiwe mjinga kama mimi."

Niligeukia ukutani na kuvuta shuka kichwani kama mtoto, nikakaa hivyo hadi walipoleta chakula.

Asubuhi yake daktari alipita na wanafunzi wake wanne. Tabitha alikuwa amesimama pembeni na chupa ya uji. Alikuwa amepanga chumba karibu na hospitali ili anihudumie, ameacha shamba lake kwenye magugu. Sikuwa nimepanga kusema mbele yake. Daktari alipoinua faili, nikaona neno lile, havuti, kwa wino wa bluu.

"Daktari, mimi navuta."

"Unavuta nini?"

"Sigara. Tangu kijana. Jana pia nimevuta, hapo chooni."

Wanafunzi walitazama chini. Daktari alipiga mstari juu ya neno lile, akaandika lingine, bila haraka. Kisha akasema, "Ungeniambia ulipofika." Basi. Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza.

Tabitha alifunga kifuniko cha chupa. "Daktari, samahani," akasema. "Sigara inaweza kufanya hivi? Miguu kuwa baridi, vidole kufa?"

"Kwa ugonjwa huu wa kaka yako, ndiyo. Sigara ndiyo inayoulisha."

"Mdogo wangu," Tabitha akamrekebisha. "Hakuna kitu kingine?"

"Hatujaona kingine, mama."

Tabitha akatoka wodini. Alirudi mchana na wali na mchicha, akanipakulia kama kawaida. Nilipomaliza kula ndipo akasema, akiwa anaosha sahani. "Nililia mbele ya wazee. Nikamwita mke wa mtu mchawi, mwanamke aliyekuwa anakusugua miguu. Na wewe ulikuwa umekaa pale, Elia."

"Nisamehe, dada."

"Mimi na wewe tutasamehewa na nani?"

Niliacha siku ile. Sitasema ni rahisi ili nisiwadanganye tena. Wiki mbili za kwanza nilitetemeka, nilimtukana nesi, niliota navuta. Shabani alinipa karanga za kukaanga kila hamu iliponikamata. Nilikula karanga mpaka fizi zikauma. Mwezi wa nne walikata kidole cha tatu, na tulitegemea kukata zaidi. Hawakukata zaidi. Kidonda kilianza kuwa chekundu pembeni, na nesi akaita wenzake waje kukiona kana kwamba ni maua. Mwezi wa tano, kabla ya kuruhusiwa, daktari aliweka kidude chake juu ya mguu wa kushoto. Alisikiliza kwa muda mrefu. Kisha ikaja, mbali sana, kama mtu anayepepeta nafaka nyumba ya tatu: shwa. Tabitha aliziba mdomo kwa kanga.

Hatukurudi Mungaa moja kwa moja. Mwezi wa sita, mimi na magongo mawili na Tabitha na mfuko wake, tulifika Misigiri. Alizeti zilikuwa zimevunwa. Uani kwa Mzee Zakaria kulikuwa na turubai, na Raheli na mama yake walikuwa wanapiga vichwa vya alizeti kwa fimbo.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba." Hakuniambia nikae. Baadaye aliona magongo, akasogeza kiti mwenyewe.

Nilisema yote, pale uani, watu wakiwa wameacha kupiga alizeti. Nilisema habari ya fundi, ya magunia ya mashudu, ya kikao. Mzee Zakaria alisikiliza akiwa ameishika kofia yake magotini.

"Nilikuuliza kitu kimoja tu," akasema.

"Ndiyo, Baba."

Raheli alikuwa amesimama na fimbo mkononi, vumbi la alizeti kwenye nywele. Alikuwa amekonda. Alikuja hadi mbele yangu.

"Siku ile waliponiuliza, ukasema hujui. Ulikuwa unajua?"

Nilitaka kusema nilikuwa na maumivu. Nilitaka kusema sikuwa na hakika. Hapa ndipo mahali pa pili aliponirudisha, kwa kuwa mara ya kwanza niliandika kuwa nilijibu papo hapo. Sikujibu papo hapo. Nilikaa kimya mpaka akaniuliza tena.

"Nilikuwa najua."

"Haya," akasema, akarudi kwenye turubai na kuendelea kupiga alizeti.

Tabitha alimfuata. Alipiga magoti kwenye zile mbegu, mtu mzima vile, akasema maneno ambayo sikuyasikia. Raheli alimwinua, lakini hakumkumbatia. Kisha akatoa sharti lake kwa sauti ya kutosha ili nisikie: nikaseme mbele ya watu walewale, sebule ileile, na Furaha awepo. Halafu kanisani. Halafu ndipo atafikiri.

Nilifanya hivyo. Mzee Yona alikohoa na kuniomba nirudie, akidhani hajasikia vizuri. Furaha alikaa karibu na mlango. Nilipomaliza alitoka nje, na nilimsikia akikimbia kwenda kwa majirani, akiita jina la yule mtoto aliyemwambia mama yake ni mchawi. Kanisani nilisimama na magongo yangu. Nilivuliwa uzee na kwaya, na nilistahili. Siku hizi nakaa benchi la nyuma na kuimba sauti ya tatu.

Raheli alirudi shule zilipofunguliwa baada ya likizo ya mwezi wa sita. Alisema amerudi kwa ajili ya Furaha.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, labda una mikono ya baridi. Si kila mikono ya baridi ni ugonjwa huu. Mingi ni kipupwe kweli. Lakini kama vidole vinabadilika rangi, kama kigimbi kinakubana ukitembea na kukuachia ukisimama, kama kidonda kinakataa kupona, nenda kapimwe. Na wakikuuliza, jibu. Mwenzio akiwa ndani na unashindwa, mwombe daktari amtoe nje kwanza, lakini jibu. Daktari anaweza kutibu mguu mbaya. Mguu uliofichwa anatibu kwa kubahatisha. Mimi bado nina baridi. Wakati wa upepo vidole vya mikono vinakuwa vyeupe, navaa glavu hata nikiwa kwenye mashine, na natembea kwa kuchechemea. Sijavuta.

Aliporudi, Raheli aliweka utaratibu mmoja. Kila jioni nikitoka kwenye mashine nasimama mlangoni, nafungua mdomo, nampumulia usoni, ananusa. Majirani wanaona. Watoto wa njiani wanaona. Alisema karafuu zisionekane tena ndani ya nyumba hiyo, hata kwenye pilau. Mwaka mzima tumefanya hivyo, siku za mvua na siku za vumbi, na sijawahi kulalamika, ingawa mara nyingi uso umenichoma kwa aibu.

Wiki iliyopita nilirudi nikasimama mlangoni kama kawaida. Raheli alikuwa anapakua ugali. Alinitazama, akaendelea kupakua.

"Pita ule, Baba Furaha. Chakula kinapoa."

"Hujaninusa."

"Nimekuambia pita."

Nilisimama palepale mpaka akaja, nikampumulia, ndipo nikaingia.